Binti Amefungia Dawa Yangu, na Rafiki Anasema Nimeanza Kula Peke Yangu

Mshauri mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku Kitengela. Naomba unisaidie, ingawa mimi si mtu wa kuombaomba na watu wa hapa watashangaa wakisikia nimekuandikia. Hii barua ni mkono yangu mwenyewe, sikutuma mtu. Shule niliachia darasa la tatu lakini ng'ombe zangu zote nilikuwa najua kwa sauti hata zikiwa nyuma ya kilima, kwa hivyo wewe usiangalie herufi, sikiliza maneno.

Wakati yangu mimi nilipeleka ng'ombe kwa miguu kutoka Namanga mpaka machinjioni Athi River, nalala chini, fimbo ndio mto, na tukifika wengine wanalia miguu na mimi natafuta mahali kuna ngoma. Uliza mtu yeyote wa rika yangu. Uliza Sironka. Huyo Sironka tulitahiriwa msimu moja, mimi nikampa ng'ombe na yeye akanipa ng'ombe, na ndio maana simwiti Sironka, namwita Pakiteng na yeye ananiita Pakiteng, hiyo ni jina ya watu wawili waliopeana ng'ombe na hakuna korti inaweza kuitoa. Na sisi tangu umorani, mtu hakunywangi maziwa peke yake na hakulangi nyama peke yake, hata njaa ikufunge macho unatafuta mwenzako kwanza, na yule anakula peke yake tunamwita fisi.

Sasa mambo ilibadilika. Shamba tuligawa, zingine tukauza, kila mahali ni seng'enge na nyumba za mawe, ng'ombe zimebaki chache za kuangalia kwa dirisha. Mimi na Pakiteng kazi yetu ni kupitia kwa jamaa asubuhi kuwasalimia, na kila boma ni kikombe, kwa sababu Mmaasai hakatai chai, na chai bila sukari ya kutosha ni kama umeambiwa rudi ulikotoka. Baadaye tunaingia kwa Macharia mwenye bucha na hoteli, tunakaa hapo mpaka jua igeuke, tunakula mbavu na ile mafuta yake, tunateremsha na soda. Kurudi nyumbani boda boda inanifikisha mpaka mlangoni, kwa sababu mtu aliyetembea kama mimi amemaliza kutembea kwake.

Halafu nikaanza kusikia kiu, nakunywa maji na kiu haiishi, na suruali ikawa inashuka. Binti yangu Seleyian akanipeleka kliniki, wakadunga kidole, wakasema ni sukari, nikapewa vidonge, moja asubuhi, moja jioni. Mama muuguzi alitaka kunifundisha kula. Nikamwambia mimi nilikuwa nakula kabla baba yako aoe.

Siku ya kwanza nikatoa kidonge mbele ya Pakiteng kwa Macharia. Akaniangalia.

"Hiyo ni nini unatia kwa mdomo na hunipatii?"

"Ni dawa ya sukari."

"Na mimi sina sukari? Ama huo ugonjwa ni ya wale wameuza ploti?"

"Wewe umepimwa?"

"Kupimwa nini? Mimi naenda choo usiku mpaka mbwa amenizoea, habweki tena. Na maji nakunywa kama ngamia. Hiyo si ndio yako?"

Kusema ukweli ilikuwa ndio yangu. Nikamwambia twende kliniki, akasema ndugu yake alienda hospitali na miguu yake na akatoka kwa sanduku, yeye hawezi kuwapelekea mtu mwingine wa familia. Sasa mshauri, ungefanya nini? Nimeze na yeye ananiangalia koo? Nikampa. Tukakubaliana vizuri kama watu wazima, ya asubuhi ni yake, ya jioni ni yangu. Na hakuna mtu alilalamika. Mimi sijawahi kuwa mchoyo, na sitaanza na vidonge.

Tulikaa hivyo vizuri mpaka ile siku ya soko Kajiado. Tuliondoka mapema kuangalia fahali, hatukukula kitu, tulisema chai tutakunywa huko. Pakiteng akameza yake ndani ya gari. Tukafika, tukaanza kubishana bei na kijana mmoja, na Pakiteng kwa bei ni hodari, mimi tu ndio namshinda. Mara naona anatoa jasho na kulikuwa na baridi. Mkono inatetemeka. Akamwambia huyo kijana, "Huyu fahali ni shemeji yangu, siwezi kumnunua." Watu wakacheka, wakafikiri ni ujanja ya kuteremsha bei. Mimi sikucheka, najua ujanja yake yote na hiyo haikuwa ndani. Halafu akakaa chini kwa mavi ya ng'ombe kama mtu amekatwa miguu.

Wengine wakasema ni jua, na jua ilikuwa bado. Wengine wakasema amwagiwe maji. Mama mmoja Mkamba anauza chai na soda hapo, anaitwa Nzula, akasukuma watu, akashika kichwa yake, akamuuliza, "Mzee, unanisikia? Unaweza kumeza?" Akaitikia kwa kichwa. Akampa soda kidogo kidogo. Mshauri, tulikaa hapo muda kidogo tu, akafungua macho vizuri akauliza, "Nani ameshika fahali?"

Sasa hapo ndio nataka unijibu. Kliniki wanasema sukari ni sumu, soda ni sumu, na mimi na macho yangu nimeona soda ikiinua mtu kutoka chini na dawa yao ilikuwa tumboni na haikumsaidia. Nani mwongo, daktari ama soda?

Habari ya soko ilifika Kitengela kabla yetu. Seleyian akaniuliza Sironka alikula nini asubuhi. Nikamwambia bila kuficha, hakukula kitu, alimeza tu kidonge yangu kama kawaida. Nilifikiri atasema baba yangu ako na roho nzuri. Huyu mtoto akashika kichwa na mikono mbili.

"Papa, unagawa dawa kama mbavu ya mbuzi?"

"Sasa ningemficha? Mimi ni fisi?"

"Papa, ungemuua."

Tangu hiyo siku dawa ziko kwa sanduku yake na ufunguo iko kwa shingo yake. Asubuhi ananipea moja, jioni moja, na kusimama hapo mpaka nimeze na nifungue mdomo, kama ndama ananyweshwa dawa ya minyoo. Mimi, ambaye morani walikuwa wanasimama nikipita.

Pakiteng akaja asubuhi kama kawaida. Dinah, mke wangu, akamwekea chai. Akangoja. Sikuwa na kitu ya kumpa na sikutaka kusema nimefungiwa na mtoto wa kike, kwa hivyo nikaongea habari ya mvua. Akaangalia kikombe, akaniangalia. Akasema, "Pakiteng, kumbe siku hizi unakula peke yako." Akasimama akaacha chai nusu. Kwa maisha yangu yote sijaona huyo mtu akiacha chai.

Hajarudi. Kwa Macharia anakaa meza ingine na ananipea mgongo. Nimeona vita na simba na ukame iliyomaliza ng'ombe za baba yangu, lakini hiyo mgongo ya Sironka ndio inanishinda. Nakula nyama na haina ladha.

Kitu ingine ni ndogo, nasema tu kwa sababu Dinah amenisumbua niandike. Mwiba ilipita akala yangu ya tairi ikaingia kwa mguu ya kushoto, chini ya kidole kubwa, na mimi sikusikia hata kidogo, ni Dinah aliona damu kwa sakafu. Mimi siku ya kisu sikupepesa jicho, mwiba ni nini. Naosha na maji moto na chumvi, Dinah akiweka kidole anaruka, mimi naweka mguu yote na naongea na watu. Imekataa tu kupona na imekuwa nyeusi kidogo kwa kando. Dinah anasema inanuka lakini pua ya Dinah tangu zamani ni ya kutafuta makosa. Kliniki walisema vidonge vimeshindwa na sasa wanataka nidungwe sindano kila siku, nikaondoka nikawaacha wakiongea.

Naomba uandike kwa gazeti, Seleyian anasomanga, umwambie anirudishie dawa zangu nimpelekee Pakiteng yake ya asubuhi, ili tukae kama zamani. Yangu ni hayo tu.

Mimi mzee wa Kitengela. Jina yangu ficha. Ya Sironka acha tu, hajui kusoma.

*

Mama Nduta anajibu:

Mzee wangu,

Nilipoanza barua yako nilicheka, hasa pale kwa mbwa aliyechoka kubweka. Nilipofika kwenye habari ya mguu niliacha kucheka. Umeuweka mwisho na ukauita kitu kidogo, mimi nauweka mwanzo.

Unaniambia mwiba uliingia hukusikia, na maji yanayomrusha mkeo wewe unatia mguu wote huku ukipiga hadithi. Baba, huo si ujasiri. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa inayobeba maumivu, na inaanzia miguuni. Siku ya kisu ulisikia uchungu wote na ukanyamaza, na kwa hilo nakuvulia kofia. Leo hakuna uchungu wa kunyamazia. Mguu wako umekufa ganzi, na maji yale ya moto yanaupika huku wewe umekaa kitini.

Kidonda cheusi pembeni, kinachonuka, ambacho hakiponi, kwa mtu wa sukari, hakingoji wiki ijayo. Ukimaliza kusoma haya, nenda hospitali leo hii. Sisemi kwa muuza dawa wala kwa jirani mwenye mizizi. Ukichelewa watakata kidole, ukizidi kuchelewa watakata mguu, na nimepokea barua za wake wa watu walionyamaza kama wewe. Umshukuru Dinah. Pua yake unayoitukana ndiyo pekee katika boma hilo inayopigania mguu wako.

Sasa swali lako la nani mwongo. Sikutaka kukujibu kwa kubahatisha, kwa hivyo nilimuuliza muuguzi ambaye kazi yake ni watu wa sukari. Alisema hakuna mwongo hapo. Dawa yako inashusha sukari ya mwili. Kwako, ambako sukari iko juu, inaisaidia irudi mahali pake. Sironka hajawahi kupimwa. Huenda sukari yake si ya juu hata kidogo, maana mzee kuamka usiku kwenda choo kuna sababu nyingi, na nyingine zinataka daktari tofauti kabisa. Hata kama anayo, alimeza dawa ya mtu mwingine, tumbo likiwa tupu, asubuhi ya baridi. Sukari yake ilishuka chini mno. Ndiyo maana jasho, ndiyo maana mkono kutetemeka, ndiyo maana fahali akawa shemeji. Nzula alimpa kitu kitamu, sukari ikapanda, mtu akarudi. Huyo mama alifanya la maana, na aliuliza kwanza kama mzee anaweza kumeza, jambo ambalo wengi hawaulizi.

Kwa hivyo soda uliyoiona ikimwinua ni ushahidi, lakini si ule unaoutaka wewe. Inaonyesha ni kidonge kilichomwangusha. Kilitoka mkononi mwako, baba. Najua neno hili litakuchoma. Najua pia ulitoa kwa upendo, na mtu wa kugawa dawa yake mwenyewe si mtu mbaya. Lakini kama Nzula asingekuwepo, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine.

Na wewe mwenyewe je? Kliniki wanasema vidonge vimeshindwa. Havijashindwa. Daktari anadhani unameza viwili kwa siku, na kumbe kimoja kilikuwa kinaishi kwa Sironka. Mwambie ukweli wote leo. Huenda mipango ya sindano ikabadilika, huenda isibadilike, kwa sababu kidonda nacho kina mahitaji yake. Kama atasema sindano, kubali sindano. Hiyo si mwisho wa mtu, na haichomi kama unavyodhani. Kama ni aibu inayokukimbiza, sema ni aibu, usiifunike kwa kiburi.

Seleyian simwambii arudishe dawa. Mwanangu, kama unasoma, shikilia ufunguo wako. Ila mdomo usimfungulishe kama ndama, na usifanye hivyo mbele ya wageni. Mpe baba yako kidonge chake na kikombe cha maji, geuka, muache awe mtu mzima. Akidanganya, mashine ya kliniki itasema.

Turudi kwa chai, kwa sababu sitaki uniambie mila imekukataza kupona. Mila inakukataza kukataa. Haikukatazi kusema, "Mama, niwekee maziwa tu, sukari uache." Maziwa mliyokuwa mkinywa mkiwa morani yalitoka kwa kibuyu bila kijiko cha sukari na mkatembea nayo mpaka Athi River. Sema hivyo kwa sauti, ujisifu ukitaka, watakuheshimu. Kwa Macharia, agiza nyama isiyo na mafuta, kipande si ubavu mzima, na sukuma wiki iwe nyingi kuliko ugali. Soda iachie siku ambayo kuna mtu ameanguka. Na hilo la kumaliza kutembea, nani alikudanganya? Kutembea hakuwekwi akiba. Ng'ombe ulizotoa Namanga zilifanyia kazi mwili wa wakati ule. Mwili wa leo unataka matembezi yake, polepole, mguu ukishapona na daktari akikuruhusu, ndani ya viatu vilivyofunika vidole, si akala. Na kila jioni Dinah akuangalie nyayo, maana mguu hautakuambia.

Nimebakisha Sironka, na najua barua yote uliiandika kwa ajili yake.

Yeye hakasirikii kidonge. Wewe uliongea habari ya mvua. Mtu uliyempa ng'ombe alikuja kwako, akakuona una jambo, ukamfungia mlango wa mdomo. Hicho ndicho alichokiita kula peke yako, na hapo siwezi kusema amekosea. Ungemwambia tu binti amekufungia dawa, angekucheka siku nzima kwa Macharia na mngekuwa mmeketi meza moja.

Kwa hivyo ukienda hospitali leo, pitia kwake kwanza. Usitume mtu wala usipige simu. Panda boda boda, kwa sababu mguu huo hauruhusiwi kutembea, na leo peke yake nakupa ruhusa ikufikishe mpaka mlangoni. Usianze na dawa. Mwambie yaliyotokea Kajiado yalitoka kwako na hukujua. Vua kiatu umwonyeshe mguu. Kisha mwambie unaogopa watakachosema madaktari, na unataka mtu wa rika yako awe pale wakikisema. Yeye anaogopa hospitali kwa ajili ya ndugu yake, na hatakwenda kwa ajili yake mwenyewe. Kwa ajili yako atakwenda. Mkiwa pale kwenye benchi, naye adungwe kidole, ajue ana nini, na kama kuna dawa yake apewe yake.

Akikataa, keti. Akisema rudi kesho, keti. Barua nzima umenionyesha jinsi ulivyo mkaidi kwa daktari, kwa mke na kwa binti. Sasa kuwa mkaidi kwa Sironka mpaka avae koti mwende.